Armand Quick

Armand James Quick (1894 – 1978) alikuwa daktari na mwanabiokemia kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni kipimo cha damu kiitwacho muda wa protrombini, ambacho hadi leo hutumika kujua kama ini linafanya kazi, likiwemo ini lililopandikizwa.

Maisha

Quick alizaliwa Theresa, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin. Alianza kama mwanakemia: baada ya masomo katika Chuo Kikuu cha Wisconsin alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1922. Ndipo akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell, akahitimu mwaka 1928. Kuanzia mwaka 1935 alifundisha katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee.

Kipimo chake cha kwanza cha ini, cha mwaka 1933, hakikuhitaji damu. Mgonjwa alimeza benzoeti ya sodiamu, chumvi inayotumika pia kuhifadhi vyakula. Ini zima huigeuza kuwa asidi ya hipuriki, nayo hutoka kwenye mkojo na kupimwa. Kilitumika kwa miaka kadhaa, kisha kikaachwa.

Muda wa protrombini

Wakati huo madaktari wa upasuaji waliogopa kumpasua mgonjwa mwenye umanjano wa macho na ngozi, kwani wengi walivuja damu hadi kufa. Mwaka 1935 Quick alitoa njia rahisi ya kuchunguza tatizo hilo. Damu huchanganywa na kemikali inayozuia isigande, kisha plazma hutengwa. Ndani yake hutiwa tromboplastini, ambayo Quick aliipata katika ubongo wa sungura, pamoja na kalisi, na sekunde huhesabiwa mpaka igande. Kwa mtu mzima wa afya ni kama 12. Kwa wenye hemofilia muda ulikuwa wa kawaida, lakini kwa wenye umanjano wa kuziba kwa njia ya nyongo ulirefuka.

Sababu ilieleweka vitamini K ilipojulikana, kwa kazi ya Henrik Dam wa Denmark: nyongo isipofika utumboni, vitamini hiyo hainyonywi, na ini haliwezi kukamilisha protrombini. Mgonjwa akipewa vitamini K na muda ukafupika, tatizo ni kuziba. Usipofupika, ini lenyewe limeharibika.

Quick alidhani anapima protrombini peke yake. Miaka ya 1940 Paul Owren wa Norwei aligundua faktari V, na Quick mwenyewe alikuwa ameona kwamba plazma iliyokaa hupoteza kitu fulani kinachohitajika. Baadaye ikajulikana kuwa kipimo hutegemea protini tano: faktari I, II, V, VII na X. Kwa hiyo jina lake si sahihi kabisa, lakini kwa ugonjwa wa ini hilo ni faida, maana zote tano hutengenezwa na ini. Faktari VII hudumu saa chache tu katika damu, hivyo ini likishindwa, kipimo huonyesha mapema.

Mwaka 1966 Quick aliandika pia kuhusu aspirini kurefusha muda wa kutokwa na damu. Alifariki mwaka 1978.

Matumizi katika upandikizaji wa ini

Thomas Starzl alipojaribu kumpandikiza binadamu ini kwa mara ya kwanza, mjini Denver mwaka 1963, mgonjwa alikufa kwa kuvuja damu wakati wa upasuaji. Tangu hapo kuganda kwa damu kumefuatiliwa kwa karibu sana.

Kwa kuwa tromboplastini za maabara mbalimbali hazilingani, Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 1983 namna ya kusawazisha majibu, inayoitwa INR. Kwa maelezo yaliyotolewa mwaka 2010 na kutumiwa sana, ini jipya huhesabiwa kuwa linafanya kazi vibaya mapema ikiwa siku ya 7 INR ni 1.6 au zaidi, au bilirubini ni miligramu 10 au zaidi kwa desilita, au vimeng'enya vya ini vimezidi yuniti 2,000 kwa lita ndani ya siku hizo 7.

INR ilitengenezwa kwa ajili ya watumiaji wa dawa ya warfarini, si wagonjwa wa ini, kwa hiyo majibu ya maabara mbili kwa mgonjwa wa ini yanaweza kutofautiana. Tena mgonjwa aliyeongezewa plazma huonekana nafuu kuliko alivyo, kwa kuwa protini zinazopimwa ni za mtoaji damu.