Chennault na Mafundi Wake
Wazee wetu wa Machakos waliokwenda vitani na KAR walipita bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, wakidondoshewa chakula na ndege. Miaka mitatu kabla yao, katika Burma hiyo hiyo, Mmarekani Claire Lee Chennault alikuwa akiwafunza marubani wa kuitetea Uchina. Husifiwa sana, lakini mimi huwafikiria waliobaki chini.

Chennault alistaafu jeshini mwaka 1937, masikio yake yakiwa yameharibika, akaajiriwa na serikali ya Uchina iliyokuwa ikishambuliwa na Wajapani. Mwaka 1941 alipata marubani wa kujitolea wapatao 100 (kujitolea kwenye mishahara minono!) na ndege za P-40 zilizochorwa meno ya papa. Zilikuwa nzito kugeuka. Akawafunza kushuka kwa kasi, kupiga na kutoweka.

Nani alimsikilizia adui kiongozi huyo mgumu wa kusikia? Watu wa Yunnan, waliokesha vijijini na simu na redio, wakipasha habari za kila ndege iliyovuma. Ndio pia waliokokota magurudumu ya mawe kusawazisha viwanja. Nao mafundi, wakikosa vipuri, walizichopoa ndege zilizoanguka vyuma vyake ili nyingine ziruke.

Tarehe 20 Desemba 1941 waliwatawanya Wajapani karibu na Kunming. Kikosi kilivunjwa tarehe 4 Julai 1942. Chennault akawa jenerali, akafariki mwaka 1958, akazikwa Arlington kwa heshima. Mafundi walipewa nishani mwaka 1996, baadhi yao wakiwa wamekwisha kufa. Askari wetu wa Kabaw walilipwa kiinua mgongo kwa kipimo cha rangi ya ngozi.