David Gill: Mwanafalaki aliyeacha alama kwenye ramani za Afrika Mashariki

Ukiweka picha ya setilaiti ya Ngagara, kaskazini mwa Bujumbura, juu ya ramani ya zamani bila kusahihisha vipimo, mitaa inaweza kupishana kwa takriban mita 300. Ramani ya mafuriko yenye kosa hilo humhesabu mkazi aliye hatarini kuwa yuko salama. Vipimo vya ramani nyingi za zamani za ukanda huu vina asili katika wazo la mtu mmoja, David Gill.

Gill alizaliwa Aberdeen, Uskochi, mwaka 1843. Baba yake alikuwa fundi saa, naye akaifanya kazi hiyo kabla ya kuiacha na kufuata nyota. Mwaka 1879 aliteuliwa kuongoza kituo cha Uingereza cha kuchunguza nyota huko Cape Town, akadumu hadi 1907.

Mwaka 1882 ilipigwa picha ya nyota kubwa yenye mkia. Gill aliona nyota nyingine nyingi zimeingia pichani, akatambua kuwa picha inaweza kutumika kupimia. Yeye na Mholanzi Jacobus Kapteyn waliorodhesha nyota zaidi ya 454,000 kutokana na picha.

Wazo lake jingine lilikuwa kupima Afrika kwa mnyororo wa pembetatu, kutoka kusini hadi Cairo, kwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki. Mstari huo unapita ndani ya Burundi, mashariki kidogo mwa Gitega. Gill alifariki London Januari 1914, kazi ikiwa haijakamilika. Wengine waliiendeleza, na pengo la mwisho, kusini mwa Sudan, lilizibwa mwaka 1954.

Mnyororo huo ndio uliozaa mifumo ya vipimo ya Arc 1950 na Arc 1960. Setilaiti hutumia mfumo mwingine, unaoanzia kitovu cha dunia. Ndiyo sababu ya tofauti ile.

Kuisahihisha, mtaalamu hubadili kwanza mfumo wa vipimo. Kisha huchagua alama zinazoonekana pichani, kama njia panda au pembe ya daraja, hupima mahali pake kwa GPS, na kuivuta picha mpaka ioane nazo.

Ziwa Tanganyika linagusa Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Maji yake yanapopanda hayaulizi mpaka, na nchi hizo zikitumia vipimo tofauti, kila moja itaona ufuko wake mahali pengine. Gill alitaka bara zima lipimwe kwa mnyororo mmoja. Hitaji hilo bado lipo.