Louis Braille: jeraha la jicho moja, upofu wa mawili

Wanafunzi wasioona wa Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, hapa Ilala, husoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Aliyeyabuni alikuwa kijana wa miaka 15, na upofu wake ulianzia kwenye karakana ya baba yake.

Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809 katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi ngozi, akitengeneza hatamu na matandiko ya farasi. Louis akiwa na miaka mitatu alichukua chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, akaiga kazi ya baba. Chuma kikateleza, kikamchoma jichoni.

Alitibiwa, lakini enzi hizo hazikuwa na dawa za kuua vijidudu. Jicho likaharibika, kisha la pili, ambalo halikuguswa, nalo likaanza kufifia. Kufikia miaka mitano hakuona tena. Huenda kinga ya mwili, ikiwa imeamshwa na jeraha, ilishambulia jicho lililobaki. Hali hiyo ni nadra, ila ipo hadi leo, na inaweza kujitokeza wiki au miezi baada ya ajali. Ndiyo maana tunasisitiza mtoto arudi kliniki hata kidonda kikipona.

Namkumbuka Louis nikiwaona mafundi viatu wa Kariakoo na Mnazi Mmoja, mtoto katoka shule, kaketi kando ya sanduku la vifaa. Mzazi, mtoto akichomwa jicho usilisugue wala kulibonyeza, usichomoe kilichonasa, usitie dawa yoyote, hata maziwa ya mama. Lifunike kwa kitu kigumu kisicholigusa, mfano kitako cha kikombe safi cha plastiki, umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Likiingiwa na chokaa au maji ya betri ni tofauti: osha kwanza papo hapo kwa maji mengi safi, ndipo uondoke.

Wazazi wa Louis hawakumficha ndani, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Alikaa darasani kijijini na wenzake wanaoona, akijifunza kwa kusikiliza. Mwaka 1819 akapelekwa shule ya vijana wasioona Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi kubwa zilizonyanyuliwa, vizito, vya kusomwa polepole mno, na mwanafunzi hakuweza kuandika kwa mtindo huo. Charles Barbier, aliyewahi kuwa mwanajeshi, alileta mfumo wa nukta 12. Louis akaupunguza hadi sita, zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Kazi hiyo aliimaliza 1824, akaichapisha 1829. Kifaa cha kutobolea nukta hizo, ajabu, kinafanana na kile kilichomjeruhi.

Akawa mwalimu shuleni hapo, na mpiga kinanda kanisani. Kifua kikuu kilimuua Januari 6, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Ufaransa ilikubali rasmi maandishi yake mwaka 1854.