Sayyid Barghash: aliyeshindwa mara mbili kabla ya kutawala



Ndugu msomaji, ukitaja jina la Sayyid Barghash bin Said hapa Unguja, watu hukumbuka mambo mawili kwa haraka: Beit al-Ajaib na maji ya mfereji. Wachache hukumbuka kwamba mtu huyu, kabla ya kuwa mtawala anayetajwa kwa majengo na mabomba, alikuwa kijana aliyeshindwa hadharani, tena mara mbili, na mara ya pili akafukuzwa nchini kwa aibu. Leo tuyaangalie maisha yake kwa upande huo, kwa sababu ndani yake mna mafunzo kwa kila nyumba yenye kijana aliyeanguka.

Barghash alizaliwa karibu na mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar. Mwezi wa Oktoba 1856 Sayyid Said alikuwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja. Alifariki baharini, karibu na visiwa vya Shelisheli, na Barghash alikuwa naye chomboni. Kijana huyu, ambaye hata miaka 20 alikuwa hajaitimiza sawasawa, aliona mlango umefunguka. Chombo kilipokaribia Unguja aliteremka usiku kwa siri na maiti ya baba yake, akaizika, kisha akajaribu kuwavuta askari wa ngome wawe upande wake kabla mji haujapata khabari. Askari hawakumkubali. Kulipokucha, habari zilikuwa zimeenea, na siku chache baadaye ndugu yake mkubwa, Sayyid Majid, akatangazwa kuwa mtawala wa Zanzibar.

Hapo ndipo alipoanguka mara ya kwanza, na mwenye busara angejiuliza maswali. Alikuwa na haraka, hakuwa na watu, na alikuwa akigombea urithi kabla machozi ya msiba hayajakauka. Lakini Barghash hakujiuliza. Alihesabu kwamba alichokosa ni nguvu tu, akaanza kuzitafuta.

Uasi wa 1859

Miaka mitatu baadaye alikuwa amezipata, au alidhani hivyo. Baadhi ya wakubwa wa kabila la Harthi walikuwa hawaridhiki na Majid, wakamuunga mkono. Hata ndani ya nyumba ya kifalme ndugu waligawanyika. Dada yake Khole alikuwa upande wake kwa moyo wote, na akamvuta mdogo wao Salma, msichana wa miaka 15 tu. Salma alijua kuandika, kwa hiyo ndiye aliyefanywa katibu wa mpango ule: barua za siri kwa masheikh na za kuagiza silaha zilipita mkononi mwake.

Majid alipopata habari aliizunguka nyumba ya Barghash kwa askari ili wenyewe wasalimu amri kwa njaa na kiu. Dada zake walimtembelea ndani ya nyumba ile na wakatoka naye amejifunika shela kama mwanamke, katikati ya kundi la wanawake, mbele ya macho ya walinzi. Askari waliona haya kuwasimamisha wanawake wa nyumba ya mtawala. Usiku ule Barghash alifika kwenye shamba lililoitwa Marseilles, nje ya mji, ambako wafuasi wake walikuwa wamejikusanya na kujijengea ngome.

Vita havikuchukua muda. Sayyid Majid aliomba msaada wa balozi wa Kiingereza, Rigby, na wanamaji wa manowari za Kiingereza wakaja na mizinga. Nyumba ya Marseilles ilitobolewa na watu wengi wakafa, wengi wao watu wa kawaida na watumwa ambao ugomvi wa wana wa mfalme haukuwahusu. Barghash alikimbia usiku, akarudi kujificha katika nyumba yake mjini, na hapo hapo akagunduliwa. Akasalimu amri. Akapandishwa meli pamoja na mdogo wake Abdulaziz, aliyekuwa bado mtoto, wakapelekwa Bombay, Bara Hindi.

Tutazame na upande wa pili. Sayyid Majid alikuwa na uwezo wa kumwua ndugu yake, na tawala nyingi za zama zile zilifanya hivyo bila ya kusita. Hakufanya. Wala dada zake walioshiriki hakuwafunga. Kusamehe kule ndiko kulikompa Barghash nafasi ya kuwa mtu mwengine. Tukimsifu aliyejifunza, tumkumbuke na aliyempa muda wa kujifunza.

Miaka miwili ya Bombay

Bombay ulikuwa mji mkubwa wa biashara, wenye bandari yenye shughuli nyingi, meli za moshi, barabara, viwanda na majumba ya serikali. Barghash alikaa huko kiasi cha miaka miwili. Mtu aliyepelekwa uhamishoni anaweza kukaa akihesabu siku na kulaani waliomshinda. Kwa Barghash, matendo yake ya baadaye yanashuhudia kwamba alikaa akitazama. Aliona mji unavyopata maji, unavyosafishwa na unavyojengwa. Mambo mengi aliyoyaleta Unguja alipotawala yana alama ya yale aliyoyaona katika mji ule wa aibu yake.

Alirudi Unguja mwaka 1861. Ebu fikiria kurudi kule. Mji ni ule ule mdogo, kila mtu anajua nyumba aliyotorokea na shela aliyojifunika. Ndugu aliyemshinda ndiye anayetawala, na wao wawili hawakuwa na mapenzi makubwa. Barghash aliishi hivyo miaka tisa. Tamaa ya ufalme haikumtoka, lakini hakuinua tena silaha. Yule aliyeshindwa kungoja hata usiku mmoja mwaka 1856, sasa alingoja miaka tisa. Sayyid Majid alipofariki Oktoba 1870, Barghash alikalia kiti bila ya kumwaga damu. Alichokikosa kwa hila na kwa mizinga alikipata kwa kusubiri.

Mtawala aliyekwisha kuonja kushindwa

Utawala wake haukuanza kwa raha. Kipindupindu kilikuwa kimetoka kuua maelfu ya watu Unguja mwaka 1869 na 1870. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikaipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja merikebu zake bandarini. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu.

Mwaka uliofuata Waingereza walimtaka apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alikataa kwanza, kwani mapato ya nchi na ya matajiri wake yalisimama juu ya dhulma ile. Alipoambiwa kwamba bandari yake itafungwa kwa manowari, alitia saini mkataba wa tarehe 5 Juni 1873, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hatuwezi kudai kwamba aliongozwa na huruma. Lakini mtu aliyewahi kukaa ndani ya nyumba inayotobolewa na mizinga ya Kiingereza alijua ugomvi gani hauwezi.

Kisha akajenga. Alinunua meli za moshi zilizochukua bidhaa na abiria kati ya Unguja na Bombay. Mwaka 1875 alisafiri hadi London na Paris, akapita na Misri. Waya wa simu wa chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879. Alianzisha kiwanda cha kuchapa vitabu kwa Kiarabu, na vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi vilichapwa hapa hapa kisiwani. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilisimama, jumba ambalo wengi wetu tulisikitika sehemu yake ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Bora kuliko yote, aliyavuta maji safi kutoka chemchem za nje ya mji, yakaja kwa mabomba mpaka mitaani, katika mji ambao kwa miaka mingi ulikuwa ukinywa maji ya visima vichafu na kuzikana kwa kipindupindu. Jumba la fahari ni la mwenyewe. Maji ni ya kila mwenye ndoo.

Alipofeli kujifunza

Ndugu zangu, tusimfanye malaika. Alikuwa mkali kwa wanaohitilafiana naye katika mambo ya dini. Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, baba yake Sheikh Al-Amin Mazrui, alifungwa naye na hakutoka mpaka Barghash alipokufa. Na yeye aliyesamehewa na ndugu yake hakujua kumsamehe dada yake. Salma, yule katibu wa miaka 15, alikuja kuondoka nchini mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na akaacha dini. Lilikuwa pigo kubwa kwa nyumba ile, na hakuna Muislamu anayelichukulia wepesi. Lakini alipofiwa na mume na kubaki na watoto wadogo ugenini, alimtafuta kaka yake London mwaka 1875 asimpate, na alipofika bandari ya Unguja mwaka 1885 Barghash alikataa kumwona. Mlango ambao Majid aliuacha wazi kwa Barghash, Barghash aliufunga kwa Salma. Huenda ungeachwa wazi kidogo, mengine yangetokea. Allah ndiye Mjuzi.

Kushindwa kwake kwa mwisho kulitoka bara. Sayyid Majid alikuwa ameanza kujenga mji mpya kando ya kijiji cha Mzizima, akauita Dar es Salaam, ili utawala uwe na mguu imara Mrima. Barghash alipokalia kiti aliuacha, majumba yakaanza kuota nyasi. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya mikataba kwa wakubwa wa vijiji, na mwaka 1885 Ujerumani ikadai nchi ile. Barghash alipinga, manowari za Kijerumani zikaja mbele ya jumba lake. Waingereza aliowategemea kama marafiki wakamwambia akubali. Mwaka 1886 mataifa hayo mawili yaligawana bara, yakamwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1887 Wajerumani walikuwa wamekwisha kukaa Dar es Salaam, katika bandari ile ile aliyoipa mgongo.

Alikwenda Oman kutafuta shifaa ya maradhi yake, akarudi amechoka, na akafariki mwezi wa Machi 1888, mara tu baada ya kufika nyumbani.

Mafunzo kwa nyumba zetu

Ukiyapanga maangukio yake utaona hayafanani. Ya 1856 na 1859 aliyafanya mwenyewe, na dawa ya kosa la kujifanyia ni kukiri, kutubu na kubadilika. Kimbunga cha 1872 kilikuwa qadar ya Mola, na dawa yake ni subira na kuanza kupanda tena. Ya 1885 yalichanganyika: nguvu za wengine kwa upande mmoja, na uzembe wake na kumtegemea rafiki mwenye maslahi yake kwa upande wa pili. Mwenye akili huyatenganisha, asijilaumu kwa lisilo lake, wala asimsingizie qadar kwa lililo lake.

Leo mji ule aliouacha umetanda mpaka Kinondoni, Temeke, Mbagala na kwengineko, na maelfu ya vijana wa Unguja na Pemba huvuka kwenda huko kutafuta riziki. Wapo wanaofanikiwa, Alhamdulillah. Wapo wanaopoteza mtaji wote wa familia katika fremu ya duka, wanaodanganywa na washirika, wanaofeli masomo, au wanaovutwa na mambo mabaya ya mtaa. Hawa wengi hukaa mwaka na mwaka wamejificha katika vyumba vya kupanga, simu hawapokei, kwa sababu wanaona haya kushuka bandarini Malindi mikono mitupu, mbele ya wanaowajua.

Kijana, ukiwa wewe ndiye, jua kwamba aliyeupa mji huu maji aliwahi kutolewa hapa chini ya ulinzi na akarudi kwa macho ya watu. Rudi. Deni likubali, lisemee ukweli, liwekee mpango wa kulilipa, na unaowadai msamaha waombe. Kisha jiulize ugeni ule ulikufundisha nini, maana hata khasara ina kitu ilichokuonesha ambacho aliyebaki nyumbani hakukiona.

Na nyinyi wazazi na ndugu wakubwa, msiwe wa kwanza kumhesabia. Mhojini, mwelekezeni, mdhibitini ikibidi, lakini mlango msiufunge. Sayyid Majid hakujua kwamba kwa kumwacha hai ndugu yake alikuwa akiwaachia watu wa Unguja maji ya kunywa. Nanyi hamjui ni nini Mola amekiweka kwa mtoto huyo mnayemwona leo hana maana.

Tunamuomba Allah Subhanahu wa Taala atusamehe makosa yetu, awarejeshe salama watoto wetu waliopotea, na aziunganishe nyoyo za ndugu waliotengana. Amin.