Joseph Henry: Mvumbuzi wa rilei asiyedai malipo
Fundi wa Ng'ambo, Tabora, anayetaka chipu ya volti 5 iwashe pampu ya maji ya volti 230 anaweza kuweka rilei katikati. Asili ya chombo hicho ni kazi ya Joseph Henry.

Henry alizaliwa Albany, Marekani, Desemba 17, 1797, katika familia maskini, akafunzwa utengenezaji wa saa kabla ya kuwa mwalimu. Mwaka 1835, akiwa Princeton, alitumia umeme hafifu kuendesha sumaku iliyotawala njia ya umeme mwingi. Ni kama misafara ya zamani: mara nyingi wapagazi wa pwani waliishia Tabora, mzigo ukachukuliwa na wenye nguvu mpya.

Mwaka 1832 alikuwa amekwisha kueleza kuwa koili ikikatiwa umeme ghafla hutoa cheche kali. Nguvu hiyo ndiyo inayounguza transista ya fundi asiyefunga dayodi kwenye koili ya rilei.

Henry hakuchukua hati miliki ya uvumbuzi wake. Samuel Morse ndiye aliyetajirika kwa simu ya waya. Alifariki dunia Mei 13, 1878, akiongoza taasisi ya Smithsonian, Washington. Mwaka 1893 wanasayansi walikipa jina lake kipimo cha tabia hiyo ya koili.