Kanoni Apolo Kivebulaya, Msomaji wa Boga

Ndugu wenzangu tuliosoma pamoja, nanyi vijana mliotufuata,

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike maisha ya mtu mmoja wa zamani anayestahili kukumbukwa na watu waliolelewa katika shule kama yetu. Nimefikiria majina mengi: ya maaskofu, ya wafalme, ya wanasiasa. Mwisho nimemchagua mtu ambaye hakupata kukaa katika darasa la sekondari hata siku moja, hakuacha mali, wala hakutawala watu. Ni Apolo Kivebulaya, Mganda aliyepeleka Injili Boga, ng'ambo ya milima ya Rwenzori, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Nimemchagua kwa ajili ya jambo moja. Sisi sote tulizoezwa kusoma Biblia asubuhi kabla ya uji. Kengele ililia, tukasoma, tukafunga kitabu, tukaenda zetu. Kwa Apolo sura iliyosomwa haikuwa imekwisha mpaka itendeke. Tukiyafuata maisha yake hatua kwa hatua tutaona tofauti hiyo ilimfikisha wapi.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Alikuwa pacha, na kwa desturi ya Waganda pacha wa kiume wa kwanza huitwa Waswa na wa pili Kato. Yeye alikuwa Waswa. Ujana wake uliangukia miaka ya misukosuko mikubwa. Uislamu ulikuwa umekwisha kufika kutoka pwani, wamisionari wa Kiprotestanti walifika Buganda mwaka 1877, na Wakatoliki wakafuata mwaka 1879. Kijana Waswa alianza kwa kufuata mafundisho ya Uislamu, kisha akavutwa na mafundisho ya Alexander Mackay, yule fundi wa Kiskoti aliyejua kushika nyundo na kushika Biblia. Baadaye vilikuja vita vya dini, na watu waliokuwa wakisoma pamoja wakauana. Waswa aliyaona hayo yote kabla hajabatizwa.

Hapa yafaa tukumbuke jambo ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili tuna fungu letu ndani yake. Kabla Maandiko hayajapatikana kwa Kiganda, watu wa Mengo walisoma kwa Kiswahili, katika vitabu vilivyotokana na kazi ya Askofu Edward Steere kule Unguja. Maneno yaliyotafsiriwa kisiwani yalipanda bara mizigoni mwa wapagazi, yakasomwa penye jumba la Kabaka. Ndipo Mackay na wenzake walipoanza kuchapa kwa Kiganda, na George Pilkington, akisaidiwa na Henry Wright Duta, akaikamilisha Biblia nzima ya Kiganda mwaka 1896.

Wakristo wa Buganda waliitwa wasomaji. Katika Kiganda neno lile lile la kusoma likawa pia na maana ya kushika dini na kusali. Mtu hakubatizwa mpaka aweze kujisomea Injili mwenyewe. Walijenga vibanda vya kusomea vijijini, wakaviita masinagogi. Wazee na vijana, watumwa na watemi, walikaa juu ya majani wakifuatisha herufi kwa kidole. Kanisa lile lilisimama juu ya kusoma kabla halijawa na majengo ya matofali wala makasisi wengi.

Waswa alibatizwa Januari 1895, akachukua jina la Apolo, yule mtu wa Matendo ya Mitume aliyekuwa hodari katika Maandiko. Jina la Kivebulaya alipewa na watu. Alikuwa na koti jekundu la kijeshi alilolivaa juu ya kanzu yake nyeupe, na waliomwona wakamwita kitu kilichotoka Ulaya, maana Bulaya ya Kiganda ndiyo Ulaya yetu. Lilikuwa jina la mzaha, naye alilichukua mpaka kaburini bila kuliona zito.

Mwaka ule ule wa ubatizo wake alitumwa Toro kuwa mwalimu wa kanisa. Huko Mfalme Kasagama alikuwa anaelekea Ukristo, naye akabatizwa mwaka 1896 kwa jina la Daudi. Kutoka Toro ilitakiwa mtu aende Boga. Njia ilipita kwenye vilima vya Rwenzori, ikateremka bonde la joto la Semliki, ikavuka mto, kisha ikapanda ukingo mrefu mpaka nyanda za Wahema. Walimu waliotangulia walikuwa wameshindwa kukaa. Chifu Tabaro hakupendezwa nao, na chakula hakikupatikana. Apolo alifika Desemba 1896, akashika jembe akalima bustani yake mwenyewe.

Ninyi mliokulia katika nchi za wafugaji mwajua jambo hilo lilikuwa na uzito gani. Mwalimu mgeni, tena mwanamume Mganda, ambaye kwao kulima migomba ni kazi ya wanawake, ameinama na jembe mbele ya watu wenye ng'ombe. Wapo waliomdharau. Lakini mtu anayekula jasho lake hafukuzwi kwa njaa. Jioni aliketi na waliotaka kujifunza, akawafundisha herufi, na kutoka herufi akawafikisha kwenye Injili. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walisoma kwa Kiganda, lugha isiyo yao, neno kwa neno, wakielezwa maana.

Apolo alifundisha pia yaliyomchukiza chifu. Aliukemea ulevi, akakemea desturi ya kuoa wake wengi, na Tabaro aliyachukua maneno hayo kama yamemlenga yeye. Uadui ukakua. Mwaka 1898 ikatokea ajali. Dada yake Tabaro aliangukia mkuki uliokuwa umefichika katika majani marefu, akafa. Apolo akasingiziwa kwamba ana mkono katika kifo hicho. Alipigwa, akafungwa, akapelekwa Toro akiwa mahabusu.

Kifungoni alifika mahali ambapo karibu kila mtu wa imani hufika mara moja. Kazi ilikuwa imeharibika, jina limechafuka, na huko Boga waliomwamini wamebaki bila mwalimu. Alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja alimwona Kristo aking'aa kama jua, akamwambia awe hodari kwa kuwa yuko pamoja naye. Msomaji anaweza kulipokea jambo hilo kwa namna atakavyo. Mimi naona kwamba ahadi aliyoisikia ndiyo ile ile iliyomo katika Maandiko tangu Yoshua mpaka mwisho wa Mathayo. Aliyejaza ghala mchana hupata cha kula usiku wa njaa.

Alipoachiliwa alikuwa na njia mbili. Angeweza kurudi Mengo kwa heshima, na hakuna ambaye angemlaumu. Alirudi Boga, kwa Tabaro yule yule. Hakudai fidia, wala hakutafuta mkubwa wa serikali amwadhibu chifu. Alikwenda kuendelea na somo alipoliachia. Naye Tabaro, aliyemtia pingu, baadaye akaja kuomba kufundishwa, akabatizwa.

Nakiri kwamba nilipofika hapa katika kuandika niliweka kalamu chini kwa siku mbili. Nina jirani tuliyegombana juu ya mpaka wa shamba kwa miaka sita sasa. Baraza la ukoo limekaa, mashahidi wamesema, na mawe yaliyong'olewa hayajarudi mahali pake. Miaka sita hiyo mimi na yeye tumesikia masomo yale yale kanisani, kila mmoja akiona kwamba yanamhusu mwenziwe. Siku ya tatu nilikwenda kwake nikabisha hodi. Tulizungumza habari za mvua na za mbegu, mpaka hatukuugusa. Shauri lingali bado. Lakini tumeanza kusalimiana, na najua kwamba ni Apolo aliyenitoa nyumbani asubuhi ile.

Apolo alipewa ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Miaka mingi alifanya kazi Toro, akijenga makanisa, akifundisha na kuzunguka kwa miguu. Wakati huo mabeberu walikuwa wakigawana nchi kwa kalamu, na ramani ilipotulia Boga ikaonekana imo upande wa Wabelgiji. Kwa hiyo kanisa dogo alilolipanda likawa limekatwa na mama yake. Mwaka 1915 Apolo aliuvuka mpaka huo akarudi kuishi Boga, na huko ndiko alikomalizia maisha yake. Wakubwa walipomfanya kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe mwaka 1922, aliipokea heshima hiyo akarudi kwenye nyumba yake ya kijijini. Hakuwa na mke, lakini nyumba ilijaa watoto aliowalea na vijana waliokuja kusoma. Kilichopatikana kiliwatosha wote au kiliwapungukia wote.

Mwaka 1921, akiwa na umri ambao sisi wengi tunaanza kuhesabu siku za kustaafu, alisema kwamba Kristo alimtokea tena akamwagiza aende msituni. Ulikuwa msitu wa Ituri, makao ya Wambuti, watu wa kimo kifupi ambao majirani zao wakulima waliwatumia kwa kuwinda na kuwahesabu kuwa watu wa chini. Apolo alikwenda. Kanisa la matofali halimfai mtu ambaye kambi yake inahama na nyama, kwa hiyo aliwafuata huko huko kambini pamoja na walimu aliowazoeza. Alijifunza usemi wao, akafanya kazi ya kuitafsiri Injili ya Marko. Kabla hajafa aliwabatiza Wambuti wa kwanza.

Fikirini njia aliyopita neno lile. Apolo mwenyewe alikuwa mwana wa kanisa lililoanza kwa kusoma Kiswahili, lugha ya wageni wa pwani. Kisha alipata Biblia kwa lugha ya mama yake, akajua utamu wa kusemeshwa kwa lugha ya nyumbani. Aliyeuonja utamu huo hakuridhika kumwacha Mmbuti asikilize kwa lugha ya kuazima. Hilo lilikuwa pendo la jirani lililowekwa katika sarufi na msamiati, kazi ya taratibu, isiyo na shangwe, ya mzee aliyekaa penye moto wa kambi akiuliza jina la kila kitu.

Miaka yake ya mwisho moyo ulidhoofika. Alipojua kwamba hataishi sana alitaka kufia Boga, na huko ndiko alikofia tarehe 30 Mei 1933. Alikuwa ameacha agizo moja juu ya maziko yake. Desturi ya mahali pale ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki. Yeye alitaka kichwa chake kielekee magharibi, upande wa msitu, ili hata akilala awe anaangalia kazi isiyokwisha. Wakamzika hivyo.

Kanisa aliloliacha halikufa. Mwaka 1972 Boga ikawa makao ya dayosisi ya kwanza ya Kianglikana katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, na mwaka 1992 Wakristo hao wakapata jimbo lao na askofu mkuu wao. Leo Kanisa hilo limeenea mbali sana na kilima kile, na katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo ibada yake huendeshwa kwa Kiswahili. Neno lililopanda bara kutoka Unguja limekutana tena na lugha liliyosafiri nayo. Kila tarehe 30 Mei Kanisa humkumbuka Apolo.

Lakini tusidanganyane kwamba baraka imefukuza taabu. Watu wa Ituri wameona vita, moto na ukimbizi kwa miaka mingi. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, saa chache tu baada ya siku ya ukumbusho wake kwisha, wenye silaha walishambulia Boga na Tchabi jirani yake, wakaua watu zaidi ya hamsini. Niliposoma habari hiyo niliwaza juu ya kaburi lile linaloangalia msitu, na juu ya waliobaki ambao siku za baadaye walilazimika kuamua kama watarudi kwenye nyumba zao na kanisa lao. Mwalimu wao wa kwanza naye alipata kusimama mbele ya uamuzi huo.

Ndugu zangu, tunapokutana kila mwaka husikia wazee wenzangu wakilalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasomi tena Maandiko kama tulivyosoma sisi. Huenda ni kweli. Lakini vijana wakituuliza tulikifanya nini tulichokisoma, itatubidi tuwe na jibu. Apolo alikuwa na bustani aliyoilima, adui aliyemrudia, yatima aliowalisha na kitabu alichokihamishia katika lugha ya watu waliodharauliwa. Hayo yote ni mambo ya mikono na miguu, na yote yalitoka katika kitabu ambacho kila mmoja wetu anacho rafuni.

Shauri langu ni dogo. Kesho asubuhi tusome kifungu kifupi kuliko tulivyozoea, kisha kabla ya kuinuka tutaje jina la mtu mmoja ambaye kifungu hicho kinatutuma kwake. Tukimaliza chai, twende.