Sayyidna Zubeir bin Awwam na Deni Lake

Katika Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo na Mtume wetu (S.A.W.), wako waliokufa matajiri na wako waliokufa hawana kitu. Sayyidna Zubeir bin Awwam (R.A.) alikufa na utajiri na deni kwa pamoja. Aliacha ardhi, na nyumba kutoka Madina mpaka Misri. Wala hakuacha dinari wala dirhamu hata moja mkononi, naye alikuwa akidaiwa 2,200,000. Tumependa kuwaeleza wasomaji wetu maisha ya bwana huyu, na khasa jinsi deni lake lilivyolipwa, kwa kuwa twaona madeni yameingia katika nyumba nyingi za Waislamu, na wengi hawajui pa kuanzia.

Alizaliwa Makka karibu na mwaka 594. Mama yake ni Bibi Safiya binti Abdul-Muttalib, shangazi la Mtume. Na Bibi Khadija, mkewe Mtume, alikuwa shangazi lake yeye Zubeir. Baba yake alikufa angali mdogo, akalelewa na mama yake kwa ukali, kwani alimtaka awe mwanamume wa kutegemewa. Alisilimu akiwa kijana mdogo sana, miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa. Imepokewa kwamba ami yake alikuwa akimfunga ndani ya jamvi na kumfukizia moshi ili arudi katika dini ya wazee wake, naye akakataa.

Dhiki ya Makureshi ilipozidi, alivuka bahari pamoja na waliohamia Habasha, nchi ya bara letu hili la Afrika, mwaka 615. Huko mfalme Najashi aliwapa amani. Adui alipomtokea mfalme huyo, Waislamu walitaka kujua vita vimekwendaje ng'ambo ya mto. Zubeir, aliyekuwa mdogo wao kwa umri, akajifunga kiriba kilichojazwa pumzi, akaogelea mpaka upande wa pili, akarudi na bishara ya ushindi.

Alipohamia Madina hakuwa na mali. Alikuwa amemuoa Bibi Asmaa binti Abubakar, na vyote alivyokuwa navyo ni farasi wake mmoja na ngamia wa kutekea maji. Bibi Asmaa, binti wa mtu mtukufu, alikuwa akimlisha farasi, akishona ndoo ya ngozi, akikanda unga, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika kipande cha ardhi alichopewa mumewe na Mtume, mwendo si mdogo. Katika nyumba hiyo ya dhiki alizaliwa Abdallah, mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa Madina baada ya Hijra. Msomaji na alikumbuke jina hili, kwani yeye ndiye atakayekuja kulilipa deni.

Zubeir alihudhuria Badri na vita vyote vilivyofuata. Siku ya Khandaki, mwaka 5 wa Hijra, Mtume alipotaka mtu wa kumletea khabari za adui, yeye ndiye aliyejitolea kila alipouliza, na hapo akaitwa Hawari wa Mtume, yaani msaidizi wake wa khasa. Vita vya Yarmuki vilimwachia kovu la jeraha begani, lenye shimo ambalo mwanawe Urwa alipokuwa mtoto alikuwa akitia vidole akicheza. Huko Misri, alipopelekwa na Sayyidna Omar kumsaidia Amri bin Aas, alipanda kwa ngazi juu ya ukuta wa ngome ya Babiloni, na watu wakamfuata. Ngome ilitekwa mwaka 641. Na Sayyidna Omar alipokuwa akifa, Zubeir alikuwa mmoja wa wale sita walioachiwa shauri la kumchagua Khalifa.

Lakini mtu huyu hakupata kushika uliwali hata siku moja, wala hakukusanya kodi wala kharaji. Mali yake ilitoka katika fungu lake la ngawira na katika biashara na ardhi. Basi deni kubwa namna ile lilitoka wapi?

Lilitoka katika uaminifu. Watu walikuwa wakimjia na fedha zao ili awawekee amana. Naye hakukubali, akiwaambia kuwa ataipokea fedha iwe karadha, maana aliogopea isipotee. Wenye elimu ya fiqhi wanaijua tofauti iliyopo hapa. Amana ikiibiwa au ikiungua bila ya mwenye kuiweka kufanya uzembe, yeye halipi kitu, na khasara ni ya mwenye mali. Ama karadha ni deni. Hata nyumba ikiteketea, sharti ilipwe. Zubeir aliuchukua mzigo wa khasara akautia shingoni mwake ili mali ya watu isipotee, na kwa kuwa imekuwa karadha akapata ruhusa ya kuitumia katika biashara na ardhi. Hapakuwa na riba ndani yake, wala deni lile halikuliwa katika anasa. Hata hivyo lilikuwa deni, na wema wa nia haukulipunguza hata dirhamu moja.

Mwaka 36 wa Hijra (656) ilipotokea fitina ya siku ya Ngamia karibu na Basra, Zubeir alikuwa amepita miaka sitini. Alimwita mwanawe Abdallah asimame ubavuni pake, akamwambia kuwa haoni ila atauawa siku hiyo akiwa amedhulumiwa, na kwamba jambo linalomtia hamu zaidi ni deni lake. Tutazame hapo, ndugu zetu. Majeshi mawili ya Waislamu yamekabiliana, mauti yako mbele yake, na hamu yake ni watu wanaomdai. Akamuusia mwanawe auze mali yao alipe deni. Kitakachobaki baada ya deni, thuluthi yake iwe wasia. Akamwambia vilevile kwamba akishindwa na chochote katika deni hilo, amtake msaada Bwana wake. Abdallah hakufahamu bwana yupi anayetajwa mpaka alipomuuliza, akajibiwa kuwa ni Mwenyezi Mungu. Baadaye Abdallah alisimulia kuwa kila alipofikwa na uzito katika deni lile alimwomba Bwana wa Zubeir amlipie, na njia ikafunguka.

Zubeir alipokumbushwa na Sayyidna Ali neno la Mtume alijitoa vitani. Akafuatwa na mtu aitwaye Ibn Jurmuzi, akauawa kwa khiana katika Wadi Sibaa. Mji uliopo karibu na kaburi lake huko Iraki unaitwa Zubeir mpaka leo.

Sasa likabaki deni. Abdallah alifanya kwanza jambo ambalo wadeni wengi hulikimbia: alikaa akahesabu. Akapata 2,200,000. Bwana mmoja wa Kikureshi, Hakim bin Hizam, alimuuliza ndugu yake anadaiwa kiasi gani. Abdallah akaona haya kwa ajili ya heshima ya baba yake, akataja 100,000 tu. Hakim akasema haoni kuwa mali yao itatosha hata kwa hizo. Hapo Abdallah akamtajia hesabu kamili. Hakim hakumlaumu, alimwambia tu kuwa hadhani wataiweza, na wakishindwa wamtake yeye msaada.

Abdallah hakwenda kukopa kwingine ili alipe, bali aliuza. Zilikuwapo nyumba kumi na moja Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri, na ardhi moja kubwa iitwayo Ghaba. Zubeir alikuwa ameinunua Ghaba kwa 170,000. Abdallah akaitia thamani ya 1,600,000, zaidi ya mara tisa, akaigawa mafungu kumi na sita, kila fungu 100,000. Kisha akatangaza kwamba yeyote aliyekuwa akimdai Zubeir na aje Ghaba.

Akaja Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000. Alikuwa mtu karimu, akataka kusamehe deni lote. Mtoto wa Zubeir akakataa. Akataka basi alipwe mwisho, baada ya wengine. Akakataa vilevile. Akaomba akatiwe kipande cha ardhi badala ya fedha, na hapo wakaafikiana, akapimiwa mipaka yake toka hapa mpaka hapa. Mafungu mengine yaliuzwa moja moja, na madeni yakalipwa. Mafungu manne na nusu yaliyobaki yalinunuliwa mbele ya Muawiya: watu watatu walitwaa fungu moja moja, na Muawiya mwenyewe akatwaa moja na nusu kwa 150,000.

Deni lilipokwisha, ndugu zake walitaka wagawiwe urithi. Abdallah akakataa. Akasema hatagawa mpaka atangaze katika Hija miaka minne kwamba mwenye kumdai Zubeir na aje alipwe. Miaka minne mfululizo, mahujaji walipokusanyika kutoka pande zote, alinadi. Haukupita mwaka wa nne ila urithi uligawiwa, na kila mmoja wa wajane wake wanne alipata 1,200,000. Mali iliyodhaniwa kuwa haitoshi deni ilitosha, ikasaza.

Sasa tutazame hali yetu. Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliweka mashamba yao ya mikarafuu rehani, na wengine waliuza kwa bei ya khiyari wakitumaini kukomboa. Wengi hawakuandika wanachodaiwa, wakakopa msimu huu kwa tumaini la msimu ujao, na bei ya karafuu ilipoanguka mashamba yakawa hatarini kutoka mikononi mwao. Mambo yakafika hadi serikali, mwaka 1934, kutunga sheria za kuzuia ardhi isihame na kusimamisha madai ya rehani kwa muda. Sheria iliwapa nafasi ya kupumua, lakini deni lilikuwa palepale. Kusimamishwa si kulipwa.

Na ndugu zetu waliotoka pwani kwenda kutafuta riziki bara, mpaka Kware kule Kajiado, hawana mikarafuu ya kuweka rehani; rehani yao ni mshahara wa mwezi ujao. Mtu hukopa unga na sukari dukani, kodi ya nyumba ikapita mwezi, akakopa kwa simu kulipa duka, kisha akakopa kwa simu nyingine kulipa ya kwanza. Ziada juu ya ziada, wala hajui jumla. Huyu akifa leo, mwanawe atahesabu nini?

Basi na tufuate aliyoyafanya Abdallah. Tukadirie mtu wa Kware anadaiwa shilingi 40,000: mkopo wa simu 4,000, duka 9,000, mwenye nyumba 9,000, na rafiki 18,000. Na aandike yote katika karatasi moja, jina na kiasi, kwani Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe katika aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani. Kisha na atazame chumbani mwake nini chaweza kuuzwa. Na tusiseme kuwa twamwonea haya jirani, ilhali nyumba za Hawari wa Mtume ziliuzwa. Kama hana cha kuuza, na apime katika mshahara wake anachoweza kuweka kando bila ya kuwanyima watoto chakula. Tuseme ni 4,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza na aukate mkopo wa simu, kwa kuwa ndio unaokua, wala asiurudie tena. Yabaki 36,000. Na awaendee wale watatu kwa miguu yake, kabla hawajamtafuta, awaeleze ukweli na awaombe subira. Kisha kila mwezi duka 1,000, mwenye nyumba 1,000, rafiki 2,000, kila mmoja kwa kadiri ya haki yake. Baada ya miezi tisa mingine hadaiwi na mtu, maadamu anunuacho sasa anakinunua kwa fedha taslimu na kodi ya kila mwezi inalipwa kwa wakati wake.

Na mwenye kudai naye ana wajibu wake. Qur'ani imeamrisha mwenye dhiki apewe muhula, na kumsamehe ni kheri zaidi. Ama mwenye uwezo anayechelewesha kwa makusudi, Mtume amekuita kuchelewesha huko dhuluma.

Neno la mwisho twawaambia warithi. Katika miji yetu, maiti hajatimiza arubaini na watu wamekwisha kugombania nyumba, na mwenye kudai akija huulizwa shahidi wake yuko wapi. Deni na wasia hutangulia urithi kwa amri ya Qur'ani. Mtume alikuwa akiletewa jeneza la mdeni asiyeacha cha kulipia, huwaambia Masahaba wamswalie wao, naye hukaa kando. Hata mara moja Abu Qatada alipolichukua deni la maiti juu yake, ndipo akamswalia. Mwenye kugawa urithi kabla ya kuuliza maiti anadaiwa nini, anakula mali ya watu wengine, na mzazi wake amefungika kwa deni kaburini. Abdallah bin Zubeir alingoja miaka minne. Sisi twashindwa kungoja siku arubaini?

Twamwomba Mwenyezi Mungu, Bwana wa Zubeir, awalipie Waislamu wote wenye madeni, na atuepushe na uzito wa deni na kushindwa na watu. Amin.